Chini ya Gari: Miaka Mia Mbili ya Springi, Shokapu na Fundi

Gari kuukuu likianza kugonga chini, mwenyewe huwa ameshapata jibu kabla ya kufika gereji: shokapu zimekufa. Fundi asiye na subira hukubali, shokapu mbili mpya zinanunuliwa, zinafungwa, na gari linatoka likigonga vilevile. Baadaye hugundulika kwamba kilichokuwa kikigonga ni bushi iliyopasuka kwenye mkono wa chini, au linki ya stabilaiza isiyozidi unene wa kidole, ambayo bei yake ni sehemu ndogo tu ya bei ya shokapu. Lawama humwangukia fundi, na pengine anastahili. Lakini kosa lenyewe lina umri mkubwa kuliko gereji yoyote. Kwa zaidi ya miaka 200 wahandisi wamekuwa wakitafuta njia ya kumtenga abiria na barabara, na kila walipofaulu walikiweka chanzo cha ubovu mbali zaidi na macho. Mafundi wa Gerezani jijini Dar es Salaam, wa Kirinyaga Road jijini Nairobi na wa Kisekka jijini Kampala wanatengeneza leo magari yaliyobeba uvumbuzi huo wote kwa pamoja.

Mwanzoni hapakuwa na cha kuficha. Katika magari ya farasi ya Ulaya, sanduku la abiria lilining'inizwa kwa mikanda ya ngozi. Mikanda ilipunguza kishindo cha mawe, lakini sanduku lilipepesuka huku na huku mpaka wasafiri wakatapika. Chuma kilikuwa kinajulikana, na tabia yake pia: mwaka 1678 Mwingereza Robert Hooke alichapisha kanuni yake kwamba springi hunyumbuka kwa kadiri ya mzigo inaobebeshwa, mzigo ukiongezeka maradufu nayo hunyumbuka maradufu. Ilichukua zaidi ya karne moja kabla ya kanuni hiyo kuingia barabarani ipasavyo. Mwaka 1804 Obadiah Elliott, mtengenezaji wa magari ya farasi wa London, alipata hataza ya kufunga springi za mabamba moja kwa moja kwenye ekseli. Boriti nzito ya mbao iliyounganisha ekseli ya mbele na ya nyuma ikawa haina kazi tena, gari likawa jepesi, na abiria akaacha kutikiswa meno.

Springi ya mabamba ni kifaa chenye akili kuliko kinavyoonekana. Inabeba uzito, inaishika ekseli mahali pake isikimbie mbele wala nyuma, na mabamba yake yakisuguana hupunguza mrusho. Kazi tatu kwa chuma kimoja. Ndiyo maana malori ya mchanga, daladala nyingi na pikapu za mizigo zimebaki nayo hadi leo nyuma. Tena ubovu wake unaonekana kwa macho. Bamba likikatika unaliona. Pini ya katikati ikikatika, ekseli husogea na gari huanza kutembea upande, magurudumu ya nyuma yakikanyaga nje ya njia ya yale ya mbele. Dereva anayelifuata kwa nyuma hugundua kabla ya mwenye gari. Mhunzi yeyote aliyeelewa moto angeweza kuitengeneza. Uhusiano huo haujafa kwetu: bamba la springi lililochoka kwenye lori huishia kuwa panga, kisu au patasi katika karakana za wahunzi, kwa sababu ni chuma kizuri kuliko kingi kinachouzwa dukani. Safari ya kinyume ndiyo ngumu. Bamba lililochomwa moto ili likunjwe upya, kisha likaachwa lipoe lenyewe, limepoteza ugumu wake, na litalala tena likibeba tripu chache za kokoto.

Karl Benz alipopata hataza ya gari lake la magurudumu matatu mwaka 1886, chini yake palikuwa na elimu hiyohiyo ya magari ya farasi. Miaka miwili baadaye John Boyd Dunlop, daktari wa mifugo aliyeishi Belfast, akaleta tairi la upepo kwa ajili ya baiskeli, na ndugu Michelin wa Ufaransa wakalipeleka kwenye gari katika mashindano ya Paris hadi Bordeaux na kurudi mwaka 1895. Tairi ndilo springi ya kwanza ya gari, na bado watu wengi hulisahau. Gari lililojazwa upepo kupita kiasi litadunda kama lililokufa shokapu, na hakuna spea itakayoliponya zaidi ya kupima upepo.

Gari lililoipeleka springi ya mabamba duniani kote lilikuwa Ford Model T, lililotengenezwa kuanzia 1908 hadi 1927 kwa idadi iliyozidi milioni 15. Lilikuwa na springi mbili tu, moja mbele na moja nyuma, zote zimelazwa kwa upana wa gari. Lilipinda na kujinyonga kwenye njia mbovu bila kuvunjika, na katika Vita vya Kwanza vya Dunia magari ya Ford yalitumiwa na majeshi ya Uingereza katika kampeni ya Afrika Mashariki, mahali ambapo neno barabara lilikuwa la heshima tu. Lakini kiwandani lilitoka bila shokapu hata moja. Likipita shimo, liliendelea kupanda na kushuka mpaka msuguano wa mabamba uchoke. Kwa mwendo wa farasi jambo hilo lilivumilika. Kwa mwendo wa kilomita 60 kwa saa, gurudumu linalodunda ni gurudumu lisilogusa ardhi, na gurudumu lisilogusa ardhi halifungi breki wala halikati kona.

Hapo ndipo shokapu ilipozaliwa, na hapa ndipo lilipo kosa la kwanza la wenye magari. Shokapu haibebi gari. Inayobeba ni springi. Shokapu hupokea mwendo wa springi na kuugeuza kuwa joto, basi. Mfaransa Truffault alitumia diski zilizobanwa zisuguane, na Mmarekani Edward Hartford akaipeleka fikra hiyo sokoni Marekani mwanzoni mwa karne ya 20. Maurice Houdaille, naye Mfaransa, akatumia mafuta yanayosukumwa kupita kwenye tundu dogo, na Ford ilipotoa Model A mwishoni mwa miaka ya 1920 ilifunga shokapu za aina yake. Baadaye mkono wa Houdaille ukabadilishwa na bomba lenye pistoni, umbo tunalolijua leo. Katika miaka ya 1950 gesi yenye mgandamizo ikaongezwa ndani ili mafuta yasifanye povu. Kampuni ya Bilstein ya Ujerumani ilichukua ubunifu wa Mfaransa Christian Bourcier de Carbon, na Mercedes-Benz ikaanza kuzifunga kiwandani mwaka 1957.

Kwa hiyo gari lililoinama upande mmoja halina shida ya shokapu, hata kama shokapu nayo imekufa. Springi imelala au imekatika, mara nyingi kwenye mzunguko wa chini kabisa unaokaa ndani ya sahani yake, pale matope na kutu hujificha. Shokapu iliyokufa husema kwa lugha nyingine. Mbele ya gari huinama sana breki zikikanyagwa. Mafuta hutiririka kwenye bomba na kushika vumbi. Tairi huliwa kwa mabonde, bonde na kilima, bonde na kilima, kwa kuwa lilikuwa likirukaruka badala ya kubingirika. Wengi hulikandamiza gari kwenye kona ya boneti na kuhesabu linadunda mara ngapi. Kipimo hicho hukamata shokapu iliyokufa kabisa, lakini nyingi zilizochoka nusu hukipita bila wasiwasi, kwa sababu mikono ya mtu haiwezi kuisukuma shokapu kwa kasi ya shimo la barabarani.

Kizazi kilichofuata kiliyatenganisha magurudumu. Vincenzo Lancia alionyesha Lambda yake mwaka 1922, gari ambalo kila gurudumu la mbele lilipanda na kushuka peke yake. Lakini aliyelifanya jambo hilo kuwa sayansi alikuwa Mwingereza Maurice Olley, aliyetoka Rolls-Royce na kujiunga na General Motors. Katika miaka ya 1930 Olley na wenzake walichukua gari refu, wakalifunga vyuma vizito vinavyohamishika mbele na nyuma, wakaliendesha huku wakibadilisha uzito na springi, wakiwauliza abiria wanavyojisikia. Walichogundua kinashangaza hadi leo: springi za mbele zinapaswa kuwa laini kuliko za nyuma. Tuta hugonga magurudumu ya mbele kwanza; mbele likipanda na kushuka polepole na nyuma likafanya hivyo kwa haraka zaidi, nyuma hulifikia mbele na gari lote hutulia pamoja. Ukigeuza mpangilio huo, gari hubembea kama bembea ya watoto. Magari ya General Motors ya mwaka 1934 yalitoka na mbele huru na laini kwa kufuata kazi hiyo. Kila mtu anayefunga springi nzito za mbele ili gari lake dogo lionekane limesimama juu anabatilisha utafiti huo kwa spana ya namba 17.

Tatizo ni kwamba gurudumu huru linahitaji mikono ya kulishika, na mikono inahitaji viungo. Kingipini, ambayo mafundi wa malori bado wanaifahamu, ikaanza kuachia nafasi boljointi. Kwenye ncha ya ndani ya kila mkono ikakaa bushi, raba iliyobanwa kati ya mirija miwili ya chuma, inayonyonga bila grisi na bila kelele. Raba hiyo ilikuwa neema kwa mwenye gari: hakuna tena nipeli kumi za kupiga grisi kila mwezi. Kwa fundi ikawa mwanzo wa giza. Grisi ilipokwisha kwenye kiungo cha zamani, kililia, na kila mtu alisikia. Raba hufa kimyakimya, na inapoanza kulia imekwisha siku nyingi.

Kisha akaja Earle MacPherson. Alikuwa mhandisi wa General Motors, akisimamia mradi wa gari dogo la Chevrolet uliofutwa mwaka 1947, akahamia Ford. Wazo lake lilikuwa kuondoa mkono wa juu kabisa na kuifanya shokapu yenyewe iwe nguzo inayolishika gurudumu, springi ya mviringo ikiizunguka. Magari ya Ford Consul na Zephyr ya Uingereza, yaliyotoka mwanzoni mwa miaka ya 1950, yalieneza muundo huo, na leo karibu kila gari dogo unalokutana nalo kwenye foleni ya Mwenge au Thika Road lina nguzo hiyo mbele. Ni rahisi kutengeneza kiwandani na inaachia injini nafasi. Gharama yake ililipwa na fundi. Shokapu ambayo zamani ilitolewa kwa boliti mbili sasa imefungiwa ndani ya springi iliyobanwa, yenye nguvu ya kumvunja mtu taya. Juu yake kuna maunti ya raba na beringi, vitu visivyoonekana mpaka nguzo yote itolewe. Nimeona springi ikibanwa kwa waya na mnyororo wa pikipiki, na sitaki kuona tena. Klampu za kubania springi si anasa. Fundi asiye nazo akatae kazi hiyo.

Citroën nao walikwenda njia yao. Gari lao la 2CV la mwaka 1948 liliunganisha magurudumu ya mbele na ya nyuma ya kila upande ili mtikisiko wa moja umtulize mwenzake, na DS ya mwaka 1955, kazi ya Paul Magès upande wa saspensheni, ilitupa springi za chuma kabisa na kukalia mafuta na gesi. Kwa uzuri wa safari, gari lolote la chuma la wakati wake lilibaki nyuma. Kwa bahati, au kwa bahati mbaya, njia hiyo haikufuatwa na wengi, na fundi wetu hakuhitaji kujifunza kuunganisha mabomba ya mafuta yenye mgandamizo mkubwa.

Afrika Mashariki iliingia katika historia hii kwa mlango wa mashindano. Mwaka 1953 mashindano ya magari yaliyoitwa Coronation Safari yalianzishwa kusherehekea kutawazwa kwa Malkia Elizabeth II, yakipita Kenya, Uganda na Tanganyika, na mwaka 1960 yakapewa jina la East African Safari. Hakuna maabara ya kiwanda iliyoweza kutoa kile ambacho barabara za udongo za msimu wa mvua za Pasaka zilikitoa. Mwaka 1963 magari 7 tu yalifika mwisho. Mwaka 1968 yakafika 7 tena. Na mara zote mbili mshindi alikuwa Nick Nowicki akiwa na Peugeot 404. Katikati yake, mwaka 1965, Joginder Singh, Mkenya aliyejua gereji kabla ya kujua vikombe, alishinda kwa Volvo PV544 iliyokuwa imeshatumika na wengine. Bert Shankland wa Dar es Salaam akachukua 1966 na 1967, naye kwa 404.

Peugeot walijifunza, na walichojifunza kiliingia kwenye magari ya kuuza. Springi ndefu na laini, shokapu zilizotengenezwa na kampuni yenyewe, na nafasi kubwa ya gurudumu kupanda na kushuka: huo ndio uliokuwa mtindo wao, na 504 ya mwaka 1968 iliukamilisha. Ilishinda Safari mwaka 1975 na 1978. Ikaunganishwa Kenya, na aina yake ya pikapu iliendelea kutengenezwa huko muda mrefu baada ya Ufaransa kuacha. Kwenye njia za mikoani nchini Kenya, Peugeot la abiria lilibeba watu saba kihalali na zaidi ya hapo kwa mazoea, likapita mahali ambapo gari lenye springi ngumu lingemwaga boliti. Kwa maoni yangu 504 ndiyo iliyokuwa shule kubwa ya mafundi wa saspensheni katika ukanda huu. Ilikuwa imara kiasi cha kuishi miaka mingi, na nyepesi kueleweka kiasi kwamba kijana angeweza kuijifunza kwa kumtazama mkubwa wake.

Wajapani walikuwa wakitazama pia. Datsun ilishinda mwaka 1970 na 1971 mikononi mwa Edgar Herrmann, kisha 1973 kwa Shekhar Mehta, mzaliwa wa Uganda ambaye angeshinda mara tano kwa jumla. Baada ya hapo sokoni hapakuwa na mjadala mrefu.

Kizazi cha mafundi kilikua wakati huohuo. Mwaka 1973 Rais Jomo Kenyatta aliruhusu matatu kubeba abiria bila leseni maalumu ya usafirishaji, na miaka kumi baadaye daladala zikaruhusiwa Dar es Salaam. Magari hayo yalibebeshwa mzigo ambao hakuna mhandisi aliyeupangia, na suluhisho likawa kuongeza bamba la springi, halafu jingine. Bamba la ziada hubeba mzigo, lakini gari likiwa tupu hurusha abiria hadi darini, na nguvu isiyonyumbuka kwenye springi huhamia kwenye chesisi, ambayo hupasuka kwenye kona zake. Wachomeleaji walipata kazi. Ripoti ya Shirika la Kazi Duniani ya mwaka 1972 kuhusu Kenya ilikuwa imeshaonyesha kwamba watu hawa wanaofanya kazi nje ya takwimu za serikali ni sehemu halisi ya uchumi. Jua kali na gereji bubu vilikuwa vyuo vya ufundi bila cheti.

Miaka ya 1980 na 1990, biashara ilipofunguliwa, likaja gharika la magari ya mtumba kutoka Japani. Sababu yake ni ya kisheria kuliko ya kiufundi. Japani gari jipya hukaguliwa baada ya miaka mitatu, kisha kila miaka miwili, na ukaguzi una gharama. Gari la miaka saba au minane linakuwa mzigo kwa mwenyewe. Japani huendesha kushoto, kama Kenya, Uganda na Tanzania. Njia ikawa wazi. Kenya ikaweka mpaka wa miaka 8, Uganda ikapiga marufuku mwaka 2018 uingizaji wa magari yenye zaidi ya miaka 15, na Tanzania ikatumia ushuru kuyabana yaliyozeeka.

Mnunuzi akiliona gari limetembea kilomita 60,000 tu, hufurahi. Lakini raba haihesabu kilomita peke yake. Joto, hewa ya ozoni, mafuta ya injini yanayodondoka na miaka yenyewe huikausha, na bushi ya gari la miaka minane ina miaka minane hata kama gari lilikaa kwenye maegesho ya Yokohama. Zaidi ya hapo, gari dogo la kisasa limepangiwa lami laini: bushi zake ni laini na ndogo, na boljointi mara nyingi imepachikwa ndani ya mkono kiasi kwamba kiwanda kinataka ubadilishe mkono mzima. Likiteremshwa bandarini na kuingia kwenye matuta ya barabara kuu na mashimo ya mitaani, kuna miezi ya utulivu, kisha kelele.

Ni hapa fundi mzuri anapotengana na fundi wa kubahatisha, na tofauti yao ni subira ya kuuliza kelele inatokea lini. Stabilaiza, ile nondo ndefu inayounganisha gurudumu la kushoto na la kulia, hufanya kazi magurudumu mawili yanapotofautiana tu. Gari linalogonga likikanyaga shimo upande mmoja kwa mwendo mdogo, lakini likanyamaza likivuka tuta kwa magurudumu yote mawili sawasawa, limeshasema: tazama linki na raba za stabilaiza. Linki inafunguliwa kwa dakika chache, gari linaendeshwa polepole mtaani bila hiyo, na kelele ikitoweka kesi imekwisha. Likigonga kwenye tuta pia, twende kwenye maunti za juu na bushi za mkono. Likitoa mlio kama springi inayoruka usukani ukigeuzwa gari likiwa limesimama, mweke mtu azungushe usukani nawe ushike springi kwa kiganja kwa tahadhari. Ikishika kisha ikaruka, beringi ya juu imekwama.

Kisha jeki, na chini yake stendi, kila mara. Shika gurudumu juu na chini ulitikise. Likicheza, mwambie mtu akanyage breki ulitikise tena: mchezo ukipotea ilikuwa beringi ya gurudumu, ukibaki ni boljointi. Shika kushoto na kulia; mchezo wa huko ni wa tairodi na raki. Nondo ikiingizwa kati ya mkono na fremu huionyesha bushi iliyopasuka, kwa sharti moja: ufa mdogo juu ya raba si kifo, raba iliyoachana na chuma chake ndiyo kifo. Kazi yote hii haihitaji kompyuta. Wala haihitaji zaidi ya nusu saa.

Matengenezo yana mitego yake. Wa kwanza umeua bushi mpya nyingi kuliko barabara mbovu. Fundi hufunga mkono mpya gari likiwa juu ya jeki, magurudumu yakining'inia, na kukaza boliti za bushi hapohapo. Raba inashikwa katika hali ya kuning'inia. Gari likishushwa, inanyongwa na kubaki imenyongwa usiku na mchana, mpaka ichanike kabla ya mwaka. Boliti hizo zinakazwa mwisho gari likiwa limesimama kwa uzito wake. Ni jambo dogo, halina gharama, na linarukwa kila siku.

Mtego wa pili ni kunyanyua gari. Hiace za abiria zina tosheni baa mbele, nondo inayonyongwa badala ya springi, yenye boliti ya kurekebishia kimo. Dereva huomba ikazwe ili gari liwe gumu. Haliwi gumu: nondo ni ileile, kinachobadilika ni kimo, na boljointi zinabaki zimelala kwa pembe ambayo hazikuundiwa huku tairi zikiliwa upande mmoja. Spesa za raba kwenye magari madogo zina ugonjwa huohuo, zikiongeza mateso ya sivi jointi. Kidogo kinavumilika. Wanaopandisha kwa kiganja kizima wanalipa baadaye.

Kuhusu spea, sina ugomvi na mkono wa chini wa mtumba kama haujapinda, mradi bushi na boljointi yake zibadilishwe, kwani umri wake ni sawa na wa ule unaoutoa. Shokapu ya mtumba ni kamari. Shokapu iliyotobolewa, ikajazwa mafuta na kuchomelewa ni mbaya kuliko kamari, kwa kuwa sili iliyovujisha mafuta ya kwanza bado imo ndani na gesi haikurudi. Bushi za nailoni zilizokerezwa mtaani hudumu kwa kweli, lakini hazinyumbuki, na kishindo ambacho raba ingekinyonya hupelekwa kwenye boliti na bodi. Na shokapu zibadilishwe mbili kwa pamoja kwenye ekseli moja, ikifuatiwa na alaimenti, maana kila kiungo kilichoguswa kimesogeza pembe za magurudumu.

Ukilipeleka gari lako gereji safari ijayo, usimwambie fundi kipi kimekufa. Mwambie kelele inatokea wapi, kwa mwendo gani, juu ya tuta au ndani ya shimo, usukani ukiwa umenyooka au umekatwa. Halafu kabla hujatoa shilingi ya spea, lala chini kando yake akuonyeshe kwa nondo mahali panapocheza. Asipoweza kukuonyesha, tafuta mwingine.